Sura ya Sita: Kona kwa Kona

Geti la chuma huanza likiwa vipande vinne vya tyubu ya mraba vilivyolazwa chini, juu ya udongo uliosawazishwa kwa jicho. Katika vibanda vya kuchomelea vilivyo kando ya barabara ya Kakamega–Webuye, pale Lubao, fundi hafungi kona za geti kwa mkupuo mmoja. Huzishika kwanza kwa nukta za moto, tone hapa na tone pale, kisha humwita kijana anayejifunza kazi ashike ncha ya tepu. Wanapima kutoka kona hii hadi ile ya mkabala, halafu wanapima zile mbili zilizobaki. Vipimo vikilingana, geti liko skwea. Visipolingana, kona iliyotoka nje inapigwa nyundo, wanapima tena, wanapiga tena, na moto wenyewe hauwashwi mpaka fundi aridhike. Kosa la hapo lina tabia moja mbaya: halionekani siku hiyo. Litaonekana wiki mbili baadaye, geti likishatundikwa kwenye nguzo za mteja, komeo likikataa kuingia tunduni.

Wanachofanya wawili hao ni jiometri ya pembe mraba. Ndugu yake wa darasani ni kanuni ya Pythagoras, ambayo mwanafunzi wa Kenya huikariri shuleni. Waashi wanaijua kwa jina la tatu-nne-tano: pima futi tatu upande mmoja wa kona, futi nne upande wa pili, na uzi unaounganisha ncha hizo usipotimiza futi tano, msingi umepinda. Sasa chukua vijana wawili wa rika moja. Wa kwanza alilipata swali la Pythagoras kwenye karatasi ya hisabati, na hakuna aliyemwambia kwamba hesabu ya namna ile ndiyo iliyonyoosha geti la shule yake. Wa pili anatumia jiometri hiyo mara tatu kwa siku, lakini mbele ya mwajiri mkubwa au ofisi ya serikali hajui kitu, kwa kuwa hakuna karatasi inayosema anajua. Hoja ya sura hii imo kati ya vijana hao wawili. Kwa zaidi ya miaka mia moja tumejaribu kuwaandaa vijana kwa kazi kwa kuiingiza kazi shuleni, na kila tulipofanya hivyo shule imeigeuza kazi kuwa mtihani. Ninachotetea ni safari ya upande wa pili: shule ifanye vizuri lile inaloliweza, na ufundi ufundishwe pale ufundi unapofanywa, serikali ikiulipia na kuupima.

Lubao panafaa kuwa mfano kwa sababu ya mahali palipo. Wakenya wengi wakilisikia jina hilo hukumbuka soko la mbwa, ambako muuzaji na mnunuzi hukagua umbo na ukali wa mnyama na kubishana bei kama wanavyobishana wenzao kwenye ng'ombe (huo nao ni ujuzi, na sijaona silabasi yake popote). Lakini itazame barabara. Ukielekea kusini unaingia mjini Kakamega, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Ukielekea kaskazini unakutana na miwa na viwanda vya sukari vya Kabras na Butali, na mbele zaidi Webuye, kilipojengwa kiwanda cha karatasi cha Pan Paper. Kijana anayekulia hapo katikati ana digrii upande mmoja, kiwanda upande wa pili, na jua kali, yaani kazi za mtaani zisizo rasmi, mlangoni pake. Swali la mfumo wa elimu ni kama umemwandaa kwa lipi kati ya hayo matatu. Kwa hesabu za kitaifa, umemwandaa kwa lile ambalo lina nafasi chache kuliko yote.

Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wa mwaka 2024 walikuwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, gredi inayofungua lango la chuo kikuu, walikuwa 246,391, yaani kama robo. Mwaka uo huo, kwa mujibu wa Shirika la Takwimu la Kenya (KNBS), uchumi uliongeza nafasi mpya za kazi zipatazo 782,300. Kati ya hizo, 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Kazi zenye mkataba, hati ya mshahara na makato ya kila mwezi, zile ambazo mzazi huwa anazifikiria anapolipa karo, zilibaki kama 78,600. Weka namba hizo mbili pamoja: darasa moja tu la waliofuzu kwenda chuo kikuu ni mara tatu ya nafasi zote rasmi zilizozaliwa mwaka huo, na bado hatujawahesabu wa miaka ya nyuma wanaosaga lami na bahasha ya kaki kwapani. Kwa hiyo lile lalamiko la kila mwaka, kwamba vijana hawapati kazi kwa kuwa hawana ujuzi unaotakiwa, ni nusu ya habari. Hata wangekuwa na ujuzi wote wa dunia, viti ni 78,600. Elimu haitengenezi viti. Inachoweza kufanya, na hapa ndipo lawama inapoifaa, ni kubadilisha hali ya wale laki saba wanaoingia jua kali: waingie wakiwa mafundi, au waingie wakiwa watu wa mkono wa kubeba mchanga na kusubiri kuitwa.

Anayedhani kwamba hakuna aliyewahi kuliona hili hajaisoma historia ya Magharibi mwa Kenya. Waquaker watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walipofungua kituo chao Kaimosi mwaka 1902, jina waliloupa umisheni wao lilikuwa na neno viwanda ndani yake. Walitaka Mwafrika ajifunze Biblia huku anapasua mbao, na mashine ya kupasulia mbao walikuwa nayo. Mwaka 1924 ikaja Afrika Mashariki tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na ikiwa na msomi wa Gold Coast, James Aggrey, miongoni mwa wajumbe wake. Ikasema kwamba elimu ya Mwafrika iendane na mazingira yake: kilimo, afya, ufundi wa kijijini. Ushauri huo ukipita masikioni haraka unaonekana wa busara. Waliousikia wakati ule walisikia jambo lingine. Walimwona mtoto wa mzungu akisoma vitabu ili awe karani, daktari au mtawala, na mtoto wao akishikishwa randa. Walitaka shule ya vitabu, na Kakamega ikaipata mwaka 1932 ilipofunguliwa shule ya serikali ya Waafrika, ambayo leo ni Kakamega School.

Nalisema hili kwa sababu kuna dharau iliyozoeleka, hasa kwenye warsha za mahotelini, kwamba wazazi wetu wanapenda kazi za tai na kudharau kazi za mikono. Mwaka 1965 mwanazuoni Philip Foster aliandika makala kuhusu Ghana iliyolivunja wazo hilo, na hadi leo sijaona aliyemjibu vya kutosha. Alionyesha kwamba wanafunzi hawachagui masomo kwa kudanganywa na mtaala. Wanachagua kwa kutazama mishahara. Karani akilipwa vizuri kuliko seremala na kazi yake ikiwa ya uhakika, hata umfundishe mtoto useremala tangu chekechea, ataomba ukarani. Mzazi wa Lubao anayeuza ndama ili mwanawe aende chuo kikuu anajua nafasi ni chache. Anacheza bahati nasibu ambayo zawadi yake ni kubwa, na ambayo mlango wake wa pili, ule wa ufundi, haujawahi kuwekewa zawadi yoyote.

Majaribio yaliyofuata baada ya uhuru yanasimulia kisa kilekile kwa majina tofauti. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza swali moja kwenye jalada lake: baada ya shule, nini? Waliomaliza shule za msingi walikuwa wakirundikana vijijini bila kazi wala nafasi za sekondari. Jibu likawa vyuo vya ufundi vya vijiji, baadhi vikianzia huku magharibi. Wazo lilikuwa zuri kwa wepesi wake: banda la bei nafuu, fundi wa eneo lile, vifaa vinavyopatikana sokoni, mafunzo yanayofuata mahitaji ya kijiji, na hakuna mtihani wa mwisho. Kijana akishaweza kazi, aondoke. Ndivyo ilivyokusudiwa. Wanafunzi na wazazi wao wakadai kitu cha kushika mkononi, wakaanza kufanya majaribio ya ufundi ya serikali, yale yanayojulikana kama gredi, na baada ya miaka michache gredi ndiyo iliyoamua kinachofundishwa. Kama silabasi ya gredi ilitaka kiungo fulani cha mbao, wanafunzi walijifunza kiungo hicho hata kama hakuna mtu kijijini aliyewahi kukiagiza. Katiba ya mwaka 2010 ilipogawa majukumu, vyuo hivi vilikabidhiwa kaunti katika fungu moja na shule za chekechea na vituo vya kulea watoto. Sidhani aliyeandika fungu hilo alikusudia tusi, lakini mpangilio wa maneno una namna ya kusema kilichomo moyoni.

Mjini Kakamega kwenyewe pana ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 1972, katika wimbi la harambee la kujenga vyuo vya teknolojia, watu wa Magharibi walichanga wakaanzisha chuo cha sanaa na sayansi tumizi kilichojulikana kwa ufupi kama WECO. Kilikusudiwa kutoa watu wa kati: mafundi sanifu, watu wa stashahada, wale ambao mhandisi akichora wao ndio wanaojenga. Mwaka 2002 kikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili chenye jina la Masinde Muliro. Jijini Nairobi na Mombasa hali ilikuwa hiyohiyo, vyuo anuwai viwili vikongwe kuliko vyote nchini vilipopandishwa kuwa vyuo vikuu vya kiufundi mwaka 2013. Kila hatua ilikuwa na sherehe, na sioni aibu kusema kwamba watu walikuwa na haki ya kusherehekea; nani asiyetaka chuo kikuu nyumbani kwake? Lakini chuo cha ufundi kikipanda cheo, ngazi aliyokuwa akiikanyaga mwanafunzi wa D+ huondoka nacho. Serikali imejitahidi kuijenga upya, na Sigalagala, kusini mwa mji, ilipewa hadhi ya chuo anuwai cha kitaifa mwaka 2016. Tusubiri tuone itaachwa hapo kwa muda gani.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuwa 8-4-4, mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Tume iliyoongozwa na Colin Mackay, raia wa Canada, ilitoa ripoti yake mwaka 1981, na mfumo ukaanza Januari 1985 ukiwa na ahadi ya kumfanya kila anayemaliza aweze kujitegemea. Wazazi waliambiwa wajenge karakana na vyumba vya sayansi kimu, wakajenga walipoweza, na vingi vikabaki kuta nne na benchi moja. Watoto waliagizwa waje shuleni na mwiko, ufagio, kikapu. Wengi walivinunua sokoni usiku wa kuamkia ukaguzi, jambo ambalo lilimnufaisha fundi wa sokoni, kwa hiyo huenda lengo la kukuza jua kali lilitimia kwa njia hiyo. Kisha ukaja mtihani. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ukiacha insha za lugha, maswali yalikuwa ya kuchagua A, B, C au D, na majibu yalitiwa weusi kwa penseli ili mashine iyasome. Sanaa na ufundi vilipimwa hivyo. Mtoto aliulizwa ni chombo gani kinachofaa kuchonga kitu fulani, naye akaonyesha umahiri wake wa kuchonga kwa kupaka kiduara. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaanza kupunguzwa, kwa maelezo kwamba mzigo wa wanafunzi ni mkubwa. Ulikuwa mkubwa kweli, na haukuwa na kitu ndani.

Kwa nini hutokea vivyo hivyo kila mara? Sioni njama wala uvivu wa walimu. Shule ni chombo kilichoundwa kulinganisha maelfu ya watoto kwa haki na kwa gharama ndogo, ili nafasi chache zigawanywe bila ugomvi mkubwa. Chochote kinachoingia humo hulazimika kuchukua umbo linaloweza kusahihishwa haraka. Hesabu inastahimili hilo. Kusoma na kuandika kunastahimili. Kuchomelea hakustahimili, kwa kuwa ubora wa mshono wa chuma huujui mpaka uupige nyundo, na hakuna wizara inayoweza kusafirisha mageti laki tisa hadi kituo cha usahihishaji.

Hapa mtetezi wa Mtaala wa Umilisi atasimama, na anayo haki ya kusikilizwa. Atasema kwamba CBC, iliyoanza kufanyiwa majaribio 2017, iliundwa ili kuvunja mzunguko huo. Kuna alama zinazotoka kwenye kazi za darasani badala ya mtihani mmoja wa mwisho. Sekondari pevu, iliyopokea Gredi ya 10 ya kwanza Januari 2026, ina mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa na michezo. Nakubali kwamba nia ni bora kuliko ya 1985. Ninachotazama ni vifaa na mizani. Sekondari msingi iliwekwa ndani ya shule za msingi kuanzia 2023, nyingi kati yake zikiwa hazina maabara wala karakana, na mwalimu mmoja akibebeshwa masomo ambayo hakuyasomea. Mwanafunzi anayeingia sekondari pevu hupangwa kwa alama ambazo asilimia 60 ni mtihani wa Gredi ya 9. Mizani ikilalia hapo, mwalimu hufundisha hapo. Na mzazi anayetumwa karatasi za manila na rangi saa mbili usiku ameshaiona sinema hii. Mwiko tu ndio uliobadilika.

Basi ufundi ufundishwe wapi? Ushahidi tulio nao ni wa karibu, na hauniungi mkono wote, jambo linalonifanya niuamini zaidi. Kuanzia mwaka 2008, watafiti walioongozwa na Joan Hamory Hicks, Michael Kremer, Isaac Mbiti na Edward Miguel waliwafuatilia vijana wapatao 2,000 wa Magharibi mwa Kenya waliokuwa nje ya shule. Nusu yao, kwa kura, walipewa vocha ya kulipia mafunzo ya ufundi. Waliopata vocha walisoma zaidi, lakini kipato chao kwa wastani hakikupanda kwa kiasi ambacho mtu angetarajia. Jambo moja lilijitokeza: wale ambao vocha yao iliwaruhusu kuchagua chuo chochote, kiwe cha serikali au cha binafsi, walijiunga kwa wingi zaidi na kuacha masomo kwa uchache kuliko waliofungiwa kwenye vyuo vya serikali. Miaka ya 1990 mradi mwingine wa vocha, uliolenga wafanyakazi wa jua kali wenyewe, ulionyesha kwamba wakiachiwa hiari wengi humwendea fundi stadi wa mtaani kuliko kwenda chuoni. Fundi yuko karibu, anafundisha jioni, na anafundisha kinachouzika.

Uganda ndiko unakotoka ushahidi unaonilazimisha kupunguza sauti. Utafiti uliochapishwa 2020, uliohusu vijana wapatao 1,700, uliwaweka baadhi kwenye vyuo vya ufundi kwa miezi sita na wengine moja kwa moja kwenye karakana na maduka, mwenye biashara akilipwa ruzuku ya kuwafundisha. Waliofunzwa kazini walipata ajira mapema. Kama hadithi ingeishia hapo, sura hii ingekuwa fupi. Miaka ilivyosonga, waliotoka vyuoni waliwapita. Sababu ni rahisi kuielewa mtu akifikiria kilichomo mfukoni mwa kila mmoja. Biashara ikifungwa au bosi akimfukuza, aliyetoka chuoni alikuwa na cheti cha kumwonyesha bosi anayefuata. Aliyefunzwa karakanani alikuwa na mikono tu, na mikono haiandiki barua ya utambulisho. Ujuzi wake ulikuwa wa kweli lakini haukuhamishika. Tukirudi Lubao, yule kijana wa tepu ndiye huyo.

Kwa hiyo siwezi kusema kijana apelekwe kwa fundi na mambo yaishie hapo. Ninachokisoma katika ushahidi huu ni kwamba kujifunzia kazini kunashinda kwa ukweli wa kazi, na chuo kinashinda kwa karatasi, wala hakuna sababu ya maumbile inayofanya karatasi iwe mali ya chuo peke yake. Nchini Benin, mwanagenzi wa fundi wa mtaani hutumia sehemu kubwa ya wiki kwa bwana wake na sehemu ndogo darasani, na mwishoni hupewa cheti kinachotambuliwa na serikali. Uswisi, ambako karibu theluthi mbili ya vijana hupitia uanagenzi, wanafanya jambo lilelile kwa fedha nyingi zaidi. Mara nyingi hujibiwa kwamba Uswisi ina makampuni makubwa na sisi tuna vibanda. Ni kweli, na ndiyo sababu nimeitaja Benin kwanza.

Wapo wanaosema mafundi wetu si walimu. Fundi hufundisha anachokijua, na wengi wanachokijua kina makosa: wanachomelea wakiwa wamevaa miwani ya jua, nyaya za umeme zikiwa uchi juu ya udongo wenye maji, mwanagenzi akigeuzwa mtu wa kutumwa chai kwa mwaka mzima kabla hajaguswa na moto. Wako sahihi, na uanagenzi usiosimamiwa unaweza kuwa utumwa mdogo. Lakini kasoro hizo zinatibika kwa mkataba ulioandikwa, ukaguzi wa usalama, na siku moja au mbili za darasa kila wiki katika chuo cha ufundi cha kaunti, ambako kijana atafundishwa kusoma mchoro, kupiga bei ya kazi, kujua kwa nini chuma hiki hupasuka na kile hakipasuki. Hapo ndipo Pythagoras anapokutana na tepu, na mwalimu wa hisabati anapopata kazi ambayo fundi hawezi kumfanyia.

Wasiwasi mwingine ni wa soko lenyewe kubadilika, na barabara ya Lubao inaujua vizuri. Pan Paper ilianza kutengeneza karatasi mwaka 1974 na ikafungwa 2009. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa 1973, kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Waliojifunza mashine moja ya kiwanda kimoja walirudi nyumbani na ujuzi usio na mnunuzi. Anayefundisha kazi moja tu anamwandaa kijana kwa ajira itakayokufa kabla yake. Hii ndiyo hoja bora zaidi ya kuitetea shule ya kawaida, nami naitumia bila kusita: kusoma kwa ufahamu, hesabu, lugha, sayansi ya msingi, vifundishwe na watu wasiobebeshwa karakana za kujifanya, mpaka kila mtoto avijue kweli. Mwenye hivyo akifungiwa kiwanda atajifunza kitu kingine. Asiye navyo, hata umpe gredi tatu za ufundi, atabaki alipofungiwa.

Liko pia pingamizi ambalo linauma zaidi ya mengine. Je, haya si maneno ya Phelps-Stokes yaliyovalishwa shati jipya? Watoto wa wanaotunga sera watakwenda chuo kikuu, na wa Lubao wataambiwa kazi za mikono zina heshima. Sina jibu la kulifuta. Nina masharti mawili. Kwanza, ngazi isikatike: anayeanza na tepu aweze kufika stashahada, hata digrii, bila kurudi kukaa kidato cha nne na watoto. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu ipo tangu 2014, na ipo sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Kilichobaki ni fundi wa Lubao aone mtahini akija kwake badala ya yeye kumtafuta. Pili, tuache kujifanya kwamba mfumo wa sasa haubagui. Watatu kati ya kila watahiniwa wanne wa KCSE hawafiki C+, na wengi wao huishia jua kali. Tofauti ni kwamba huenda huko wakiwa wametumia miaka kumi na miwili kujifunza kwamba wameshindwa.

Fedha nazo zitaulizwa, na hapo jambo huwa dogo kuliko linavyofanywa lionekane. Karo ya mwaka katika vyuo vya ufundi vya serikali ilipowekwa kuwa Sh56,420 mwaka 2018, Sh30,000 kati yake zilibebwa na serikali kwa kila mwanafunzi. Mwanagenzi wa kibandani hakuwemo katika mgao huo. Mara nyingi mzazi wake ndiye anayempa fundi kitu kidogo ili apokelewe. Waajiri kwa upande wao wanatozwa Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, fedha zinazokwenda kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), na kampuni inayowapeleka wafanyakazi wake mafunzoni hurudishiwa sehemu ya gharama. Fundi wa kuchomelea aliyekwisha kuwatoa vijana kumi na wawili mikononi mwake hayumo kwenye hesabu hiyo, wala kama mlipaji wala kama mlipwaji.

Geti likikamilika hupakwa rangi ya kuzuia kutu na kuegemezwa kando ya barabara, bei ikiwa kichwani mwa fundi. Mteja wa kawaida haulizi cheti cha aliyelitengeneza. Hulivuta, hulitikisa, hutazama kama kona zimekaa, na akiridhika hulipa. Tatizo huanza siku shule au zahanati inapotangaza zabuni ya mageti sita, na fomu ikawa na mstari unaouliza sifa za mwombaji. Kijana wa tepu anaweza kuyatengeneza yote sita, tena yakawa skwea. Fomu haina mahali pa kuandika hivyo.